Neno Nililomsingizia Mchungaji

Rongo, Jumapili alasiri

Okinyi mwanangu,

Umetoka kwenda kunyolewa, na jinsi ninavyokujua, kwa kinyozi hurudi upesi mpaka mmalizane na habari za mpira. Kwa hiyo nina nafasi. Nimefunga duka mapema na kumwambia yule mama wa sketi za kwaya kwamba mashine imeharibika. Haijaharibika. Huo ni uongo mdogo, na ukisoma mbele utaona kwamba mimi si mgeni wa uongo.

Sitakuandikia habari za neti, wala sufuria, wala kuchemsha maji ya kunywa. Vyote vimo kwenye begi, na vingine nimevificha ndani ya blanketi kwa sababu ungevitoa. Wewe ni mtu mzima, umefuzu ualimu, umepata shule. Ukishindwa kusonga ugali huko Ntimaru utakula mkate. Kuna jambo moja tu nataka ulijue kabla hujaondoka kesho, nalo nimelikalia miaka saba.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho ulichokulia. Baba yako Mjaluo, mimi Mkuria, tukakutana katikati. Kwa Kikuria maneno haya yangenitoka kwa urahisi lakini wewe ungeyasikia nusu, na Kidholuo changu mpaka leo unakicheka.

Alhamisi ulikuwa umekaa hapo nje ya duka, unaongea kwa simu na mwalimu mkuu wa shule yako mpya. Akakuambia utafundisha hesabu, na kwa kuwa wewe ndiye mgeni, Ijumaa asubuhi utasimamia kipindi cha PPI, kile cha kuwaombesha watoto na kuwasomea Biblia. Ulipokata simu ukacheka kile kicheko chako kikavu. Nikakuuliza, na mtoto akikuambia kwao hawaombi hivyo? Ukanijibu bila hata kugeuka.

"Mathe, dini ni kitu mzazi na pasta wanakaa chini wanapanga. Wakitaka kubadilisha, wanabadilisha. Mtoto akiniletea hiyo stori, namwambia akae na afuate wenzake."

Nilikuwa nashona kola ya shati. Niliishona kinyume, ikabidi niifumue yote. Nilijua maneno yale umeyatoa wapi. Uliyatoa kwangu, na sasa unayabeba kuwapelekea watoto wa watu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiwa mdogo? Labda umesahau, mimi sijasahau hata siku moja. Watu hapa sokoni walikuwa wakituita watu wa Jumamosi, na wewe jina hilo lilikufurahisha kana kwamba tumepewa cheo. Ijumaa ulikuwa ukitoka shule unapitia dukani, unasimama mlangoni unaangalia jua, maana Sabato huingia likizama. Mimi nilikuwa na kazi za watu, nguo za harusi, sare, na kila mtu anataka zake leo. Nilikuwa nasema mshono mmoja tu, mmoja tu. Wewe ulikuwa ukija polepole unaweka kiganja kwenye gurudumu la cherehani, unalisimamisha. "Mama, jua limeenda." Mkono wenyewe mdogo, una wino. Nilikuwa nakukemea kwa sauti kubwa huku moyoni nimefurahi, kwa maana bila wewe ningeshona mpaka Jumamosi mchana na kumwambia Mungu sikuona saa. Ulikuwa na imani kuliko mimi. Nasema wazi. Mimi niliingia kanisa lile kwa kuolewa, wewe ulizaliwa umelipenda.

Baba yako alipotutoka, ukiwa darasa la nne, wewe ndiye uliyenirudisha kanisani. Nilikuwa nimekaa kitandani wiki tatu. Ukapasi shati lako mwenyewe Ijumaa, ukapasi na gauni langu, ukaliunguza kwenye pindo, ukalileta limekunjwa. Sikuweza kukataa. Nilivaa lile gauni lenye alama ya pasi na tukaenda.

Mtoto huyo ninamkumbuka sana, Okinyi. Nina hamu na wewe na tunakaa nyumba moja. Unakula kwangu, unanisalimia, unanibebea vitambaa kutoka stendi, mtu wa nje akituona atasema mama huyu amebahatika. Lakini kuna mlango ulioufunga kidato cha pili, na ufunguo ni mimi niliyekuwa nao muda wote.

Sasa nikueleze.

Shule yako ile ya Homa Bay ilikuwa ya serikali, ingawa ilianzishwa na kanisa lingine, na Jumapili kila mtu alikuwa lazima aende ibada yao. Hilo halikutusumbua, ulienda ukaimba nyimbo zao na ukazipenda. Na kidato cha kwanza yule prinsipali wa zamani aliwaachia nyinyi wa Jumamosi chumba cha maabara mkaabudu. Halafu akaja prinsipali mpya. Jumamosi ikawa siku ya mitihani ya majaribio, kila mtu darasani, hakuna maabara. Mlikuwa wanane. Jumamosi ya kwanza waliingia watano. Ya pili wakaingia wawili. Ya tatu ulibaki peke yako nje ya darasa.

Dipiti, naibu wake, akakupa slasha ya kukatia nyasi, akasema kama hutaki kufanya mtihani utafyeka uwanja. Na wewe ukamwambia, kwa adabu, kwamba kufyeka pia ni kazi. Hapo ndipo hata mimi hucheka mpaka leo nikiwa peke yangu. Adhabu ya kukataa kuvunja Sabato ilikuwa kuivunja kwa njia nyingine, na mtoto wa miaka kumi na tano ndiye aliyeliona hilo, si dipiti. Ukasimama kando ya slasha, mikono nyuma, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Nikaitwa nifike shuleni Jumatatu.

Kuna sehemu hapa ambayo hukuwahi kuijua. Jumapili ile jioni Mchungaji Obura alikuja dukani. Alikuwa amesikia kutoka kwa mzazi mwingine. Akakaa kwenye kile kiti cha wateja, kofia magotini. Akasema, "Mama Okinyi, kesho tutaenda pamoja. Hatuendi kugombana. Tutaongea naye polepole, nitabeba barua ya kanisa. Katiba yenyewe inamlinda huyu mtoto. Na akikataa kabisa, tutatafuta shule ingine, mimi mwenyewe nitatembea."

Nikamwambia asante, nitaenda peke yangu.

Kwa nini? Nimejipa sababu nyingi kwa miaka saba. Mbili ndizo za kweli, na ya kwanza ni ya zamani. Mimi nilikwenda shule huko huko unakoenda wewe. Baba yangu hakuwa Mkristo. Alifuata mambo ya wazee wake na alichunga ng'ombe wake bila kumsumbua mtu. Siku ya kwanza mwalimu aliuliza jina, nikasema Boke. Akauliza jina la ubatizo. Nikasema sina. Akasema kwenye rejista yake hakuna mtoto asiye na jina la ubatizo, akaniandika Rebeka. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba. Akasema, "Huko itika Rebeka. Hapa utabaki Boke." Nikaelewa kwamba hata baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akiogopa mtu, alikuwa ameinamia shule. Tangu siku ile nikiingia ofisi ya mwalimu naitikia kila ninachoambiwa, hata nikiwa nimekuja kuleta sare tu.

Sababu ya pili nimeandika nikakata mara mbili kwenye karatasi nyingine. Sare. Shule yako ilikuwa imenipa tenda ya kushona sare za kidato cha kwanza wote. Ilikuwa kazi kubwa kuliko yoyote niliyowahi kupata, na niliipata kwa yule prinsipali mpya. Niliogopa kwamba nikifika pale na mchungaji na barua na katiba, nitaitwa mzazi mkaidi, na kazi itakwenda kwa mwingine. Nilijiambia ni kwa ajili ya karo yako. Nusu ilikuwa karo yako. Nusu nyingine ni kwamba nilipenda kuonekana sokoni nimebeba yale marobota ya kitambaa, na watu wanauliza, hizi zote ni za shule gani?

Basi Jumatatu nikafika. Prinsipali alikuwa mpole, hilo lilinimaliza zaidi. Akanikalisha, akaniagizia soda.

"Mama, hii ni shule ya serikali," akasema. "Sina shule ya Jumamosi na shule ya Jumapili. Nina shule moja. Kijana ni mwerevu, ataharibu maisha kwa kitu kidogo. Saini hapa kwamba atafuata ratiba yote, ama mchukue sanduku lake."

Ningemuuliza, na ibada ya Jumapili, hiyo ni ya serikali? Nilikunywa soda yake na nikasaini. Nilisaini kabla sijakuona, Okinyi. Ulipoitwa kutoka darasani karatasi ilikuwa imeshakauka wino.

Tulisimama wewe na mimi kando ya tangi la maji. Ulikuwa umekonda. Hukuniuliza prinsipali amesema nini. Uliniuliza, "Mama, Pasta amesema aje?"

Ulimpenda yule mtu. Baba yako alipokufa yeye ndiye aliyekufundisha kuendesha baiskeli, ndiye aliyekupa ile Biblia ndogo ya zipu. Nilijua nikikuambia mimi nimesaini, utabisha nami. Ungesema, Mama, twende tu nyumbani. Na ningeshindwa, kwa maana gurudumu langu wewe ulikuwa unalisimamisha kwa kiganja. Nilitafuta neno ambalo hutalibishia.

Nikasema, "Pasta amesema hakuna shida. Amesema ingia tu darasani mpaka umalize form four. Mungu anaelewa."

"Yeye mwenyewe amesema hivyo?"

"Yeye mwenyewe."

Uliniangalia, halafu ukaangalia chini. Ukasema "Sawa," ukachukua vitabu vyako ukaenda. Hukukimbia wala hukulia. Ulitembea kama mtu aliyetumwa dukani. Nilirudi Rongo nikashona zile sare zote, na zilitoka nzuri.

Mchungaji hakuwahi kusema neno hilo. Sikumuuliza. Nililitunga pale pale kando ya tangi, na nikaliweka kinywani mwake.

Likizo ya Desemba ulipokuja, Jumamosi ya kwanza hukuamka. Nikakuita, ukasema kutoka ndani ya blanketi, "Kama Pasta anaweza kusongesha Sabato mpaka form four, mimi pia naweza kuisongesha mpaka nizeeke." Nilisimama pale mlangoni nimevaa tayari. Ningekuambia wakati ule. Ilikuwa ni sentensi moja. Badala yake nikasema utachelewa kula, nikaenda zangu.

Nawe hukuishia hapo. Mchungaji akija kututembelea ulikuwa unatokea mlango wa nyuma. Mkikutana njiani unavuka barabara. Sokoni watu waliona. Halafu ile siku ya chai, kidato cha tatu, nadhani hii huwezi kusahau. Alikuja ghafla, akakukuta umekaa hapo nje, huna pa kukimbilia. Akakunyooshea mkono. Ukauacha ukining'inia.

Ukamwambia, "Pasta, wewe uliniuza. Niliteseka mwezi mzima nikisema hata Pasta angesimama hivi. Kumbe wewe ulikuwa umeshasema sawa."

Mimi nilikuwa nimetoka na trei ya chai. Aliniangalia. Hakuniangalia kwa ukali, aliniangalia kama mtu anayesoma maandishi madogo. Nikaangalia vikombe. Halafu akakugeukia, mtu mzima wa mvi, akakuambia, "Okinyi, kama nilikukosea, nisamehe."

Aliomba msamaha kwa kosa langu, mbele yangu, na mimi nikammiminia chai. Nilimuuliza kama anataka sukari. Mwanangu, nimefanya mambo mengi mabaya, nimepima watu kitambaa vibaya, nimegombana na dada za baba yako mpaka leo hatuongei, lakini hakuna kitu kinachonichoma kama lile swali la sukari.

Tangu hapo nimeishi hivi. Kila mwaka nasema akimaliza mtihani nitamwambia. Ukamaliza. Nikasema akiingia chuo. Ukaingia. Nilikuwa naogopa kwamba ukijua, mlango wa nyuma uliokuwa unautokea kwa sababu yake utautokea kwa sababu yangu. Sasa unaondoka mwenyewe, kwa mlango wa mbele, na barua ya kazi mkononi, na bado naogopa vile vile.

Lakini Alhamisi ulipoongea kuhusu yule mtoto, usiku ule sikulala vizuri. Nilimwona kabisa. Ni msichana, amekaa dawati la nyuma, baba yake ana ng'ombe na hajabatizwa. Ijumaa asubuhi unawaambia wote wafumbe macho, yeye hafumbi. Na wewe, kwa sababu ya uongo uliotungwa kando ya tangi la maji Homa Bay, humuulizi chochote. Unamwambia afuate wenzake. Sikutaka uende Ntimaru na hilo.

Kwa hiyo jana baada ya ibada nilikwenda kwa Mchungaji. Amestaafu, unajua, siku hizi ni mahindi na kuku tu. Nilimkuta amekaa nje kwenye benchi, viatu vya kanisani bado miguuni. Nilikuwa nimejiandaa kueleza kwa urefu. Nikasema tu, "Lile neno, mimi ndiye niliyemwambia umesema."

Akasema, "Nilijua siku ya chai."

Nikamuuliza mbona alinyamaza, mbona alikubali kuchukiwa miaka yote hii na mtoto aliyemfundisha baiskeli. Kuku walikuwa wanamsumbua miguuni, anawafukuza, wanarudi.

"Baba yake hayuko," akasema. "Ningesema ni wewe, angebaki na nani? Mtoto anaweza kukaa bila pasta. Bila mama ni ngumu."

Nililia pale mbele ya kuku wake. Baadaye akaniuliza unaenda kufundisha nini, nikasema hesabu. Akafurahi sana, akasema hata baiskeli ulikuwa unaihesabia mizunguko. Kisha akasema, "Sasa ni mwalimu, Mama Okinyi. Sasa mwambie. Sasa anaweza kubeba."

Sikuandikii ili urudi kanisani. Ukirudi nitapika pilau mtaa mzima ujue, lakini siyo sababu. Huenda hata bila mimi ungeacha, vijana wengi huacha, na sitaki kujipa ukubwa ambao sina. Ninachotaka ni ujue kwamba siku ile ulipokuwa umesimama kando ya slasha ukisema hata Pasta angesimama hivi, ulikuwa sahihi. Angesimama. Alikuwa ameshavaa kofia kuja kusimama na wewe. Aliyekosekana ni mimi.

Na mtoto akikuambia "Mwalimu, siwezi," sikuambii umfanye nini. Huenda ni mvivu tu, wapo. Mimi ningependa umuulize kwanza kwao wanafanyaje, na umngoje amalize kujibu. Nilipoandikwa Rebeka hakuna aliyenikalisha chini akaniuliza. Wewe kando ya tangi la maji hukuniuliza zaidi kwa sababu uliniamini, na mimi sikukuuliza kwa sababu nilijua jibu lako.

Huko kwetu wakikuuliza wewe ni wa nani, waambie mama yako ni Boke. Rebeka hawatamjua.

Barua hii mwanzo nilitaka kuiweka chini ya begi, uipate ukishafika, mimi nikiwa mbali salama. Hiyo ingekuwa ni kumtuma tena mtu mwingine akasimame mahali pangu. Kwa hiyo nitakupa mkononi kesho asubuhi kabla hujabeba begi. Najua utasema gari litakuacha, utaisoma njiani. Nitakataa. Nitakuambia usome hapa, na nitasimama mbele yako nikiangalia macho yako yanavyoshuka ukurasa kwa ukurasa mpaka ufike mstari huu.

Umefika. Sasa inua macho, mwanangu, uniangalie.

Mama yako